Kengele Iliyopanda Mlimani

12 Januari

Cheche mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, ukiondoa goti langu la kushoto ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Binamu yako amejifungua salama mtoto wa kike. Mtoto ni mzito kama mfuko wa saruji, na analia utadhani ametapeliwa na mtu. Kuku wako uliyeniachia bado hatagi. Anakula tu na kunitazama.

Barua yako ya mwisho nimeisoma, nimeisahihisha kwa wino mwekundu, na nakurudishia humu ndani ya bahasha. Ndiyo maana simu siipendi. Mtu akishakata, makosa yake yanapotelea hewani.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, yaani mto. Unakumbuka ulivyokuwa zamani? Mvua ilikuwa na mwezi wake, mto ukajaa kwa adabu na kushuka kwa adabu. Siku hizi adabu hakuna. Mwaka jana ulijaa mara ya pili wakati watu wameanika nafaka nje, na uwanja wa shule ukageuka ziwa. Tulimkuta chura ndani ya boksi la chaki. Watoto walicheka, na mimi mwalimu mkuu mzima nikacheka nao. Baadaye nikakaa ofisini, nikaona wazi kwamba mara ijayo hatutacheka.

Basi nimeanzisha somo. Wanafunzi wamekata vichwa vya chupa za plastiki na kuzipanga uwanjani zipime mvua. Mtoni tumesimika nguzo yenye rangi, kijani chini, njano katikati, nyekundu juu, na kila siku zamu inakwenda kuangalia maji yamefika rangi gani. Saa kumi wanaingia wazazi. Nawaeleza kwa nini hewa ikizidi joto inabeba maji mengi na kuyamwaga kwa mkupuo, na kwa nini kilima kilichokatwa miti hakinywi maji tena bali kinayatema kwetu. Kinyozi, mwenyekiti wetu wa kamati ya wazazi, hakosi hata siku moja. Akitoka hapo anawafundisha wateja wake wakiwa wamefungwa shuka shingoni na wembe uko sikioni, hawana pa kukimbilia.

Mtu mmoja tu hajatia mguu darasani, naye ni kaka yangu. Karakana yake ipo palepale ukingoni, mlango unatazama maji. Nimemwambia ahame. Akanijibu, "Dada, mto huu umenilea." Nikamwambia aliyekulea ni mimi, mto ulikuwa kazi yake kukuchafulia nguo.

Niandikie, na safari hii weka nukta.

Shangazi yako


2 Februari

Shangazi yangu mpenzi, shikamoo.

Wino wako mwekundu umefika. Nimeubandika ukutani karakanani, mafundi wenzangu wanapita wanaucheka, na bosi ameniuliza kama nimeshtakiwa. Mimi sijambo. Mikono ina alama mpya za kuungua, macho mazima. Wiki hii nimechomelea geti la mama mmoja aliyetaka maua ya chuma juu yake. Nikamtengenezea maua. Akarudi akasema anataka yanayofanana na yale ya jirani, ila yawapite. Mpongeze binamu, mwambie uzito huo ni wa heshima.

Na yule fundi wa mtoni anaendeleaje? Siulizi kwa nia yoyote. Nauliza kama mtu anavyoulizia njia.

Wewe unajua tulivyoachana. Alitaka niwe seremala kama yeye, nikachagua chuma. Akaniambia nikitoka na chuma changu nisirudi nacho. Nikamwambia sawa. Hatujapungukiwa kitu, kila mtu na kazi yake.

Lakini shangazi, nikuambie ukweli. Mvua ikinyesha huku, mshono wa chuma unaniendea upande. Naiona ile karakana, ule mlango, na yeye amesimama ndani anapiga randa kana kwamba maji ni mteja anayeweza kuambiwa arudi kesho. Mtoe pale. Mimi hanisikii. Wewe anakuogopa tangu ulipomfundisha darasa la saba. Hata ukimvuta kwa sikio nitafurahi.

Nimeweka nukta, hesabu.

Cheche


25 Februari

Cheche,

Marahaba. Nukta nimeziona. Zimezidi, lakini afadhali.

Mjukuu wetu yule mzito ameanza kutabasamu. Goti limepoa kidogo baada ya fundi cherehani kunishonea kifuko cha kulikandia, akakataa kabisa shukrani zangu, akisema nimpe tu ruhusa ya kukaa mbele darasani kwa sababu nyuma hasikii. Ndiyo, naye anahudhuria. Darasa la wazazi limejaa hadi madirishani.

Nikawapa watoto kazi ya nyumbani. Kila mmoja amuulize mtu mzima wa kwao maji yalifika wapi mwaka ule wa gharika kubwa, kisha achore mstari wa chaki ukutani mahali hapo. Ungeuona mji! Kila nyumba ya bondeni ina mkanda mweupe. Hapa umepita kiunoni, pale kifuani, kwa muuza mkaa umepita juu ya dirisha. Watu walikuwa wanatoka nje asubuhi wanajipima na mstari wao kimyakimya. Hotuba zangu zote za mwezi hazikufanya kazi ile.

Kwa baba yako mstari ulipita juu ya kichwa chake. Akachukua randa akaukwangua mlangoni. Watoto wakarudi wakachora upya, akaukwangua tena. Sasa mlango wake umekuwa mwembamba sehemu ile, na mstari unaonekana vizuri kuliko wa mtu yeyote.

Mwezi ujao tunafanya zoezi. Tutagonga kengele ya shule bila kupumzika, na watu wote wa bondeni wapande mlimani kwenye tangi la maji. Nimewafundisha, nimewauliza, wameimba jibu kwa pamoja. Usiwe na wasiwasi. Mimi nikifundisha kitu, kinaeleweka.

Shangazi yako


8 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Mbona kimya? Mwezi wa tatu wote umepita sijapata hata bahasha tupu. Mjukuu hajambo? Goti?

Dereva wa lori la saruji alipita hapa jana kurekebishiwa bomba la moshi. Nikamuuliza habari za nyumbani na za zoezi. Shangazi, yule mtu alicheka hadi akashika gurudumu asianguke. Kila akianza kusema, "Basi mwalimu akagonga kengele..." anakatika tena. Mwisho akaniambia nikuulize mwenyewe. Sasa nakuuliza. Kulitokea nini?

Kama kuna mtu kaumia niambie wazi. Mimi si mtoto.

Cheche


15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hakuna aliyeumia, isipokuwa mimi, na si mwilini.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa sijui niandike nini. Nimeanza barua kadhaa nikazichana. Haya, sikiliza ucheke na wewe, mji mzima umeshacheka.

Unaijua kengele yetu, ile ringi ya lori iliyoning'inia kwenye mti karibu na ofisi. Siku ya zoezi nikampa kiranja nondo, nikamwambia gonga wala usiache. Akagonga. Nikasimama uwanjani na filimbi yangu, natazama juu njia ya mlimani niwahesabu wanaopanda.

Hakupanda mtu! Cheche, mji mzima ulishuka. Walitoka kila kichochoro mbio, wakaingia getini kwangu. Kinyozi alifika na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja, shuka bado shingoni. Muuza mkaa mweusi hadi kope. Fundi cherehani na futi yake. Wakaingia uwanjani, pale chini kabisa ambapo maji hufika kwanza, wakapanga mistari. Wafupi mbele, warefu nyuma, mkono begani kupima nafasi. Kisha kwa sauti moja wakasema, "Shikamoo mwalimu!"

Watu wazima wale, wenye ndevu zao, wamesimama wima kwenye bonde wanasubiri niwaambie wakae. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyeshtuka wa kwanza. Akatazama mto, akatazama mlima, akasema, "Aa! Mwalimu, tumekuja wapi?"

Yote hayo ningeyavumilia. Lakini kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana yake, randa mkononi, anacheka hadi ameegemea fremu. Akanipigia kelele kutoka kule, "Dada! Hongera! Umewafundisha vizuri!"

Nikaingia ofisini nikafunga mlango. Nimelia, nasema kweli. Nikafikiri kama mwalimu hawezi kufundisha watu wakimbie maji, basi afungashe chaki zake. Barua ya kuomba kustaafu nimeiandika, iko kwenye droo.

Nisamehe kwa kukutia wasiwasi.

Shangazi yako


24 Aprili

Shangazi yangu, shikamoo, na tena shikamoo kwa niaba ya mji mzima.

Nimecheka hadi bosi akaninyang'anya mashine asije akaona nimechomelea kidole. Nilipomsomea, akacheka na yeye akasahau kunirudishia. Tumepoteza asubuhi nzima ya kazi kwa ajili yako.

Sasa nisikilize, na hiyo barua ya kwenye droo washie jiko.

Mimi niko mbali hivi, na miaka imepita. Lakini gereji ya jirani wakigonga ringi kunyoosha, miguu yangu inatafuta mstari. Kweli kabisa. Kengele ile umeifundisha kusema neno moja tu maisha yako yote, njooni. Umewafundisha wazazi, ukawafundisha watoto wao. Halafu unataka kwa mwezi mmoja iseme kimbieni? Haiwezi. Wewe mwenyewe ungeisikia ungekwenda uwanjani.

Lakini umeona walivyokutii? Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyebaki kufunga duka. Kinyozi kaacha kichwa nusu! Wakubwa wa mji wangetoa matangazo mwaka mzima wasipate watu wa kukimbia namna ile. Usiwabadilishe watu, shangazi. Ihamishe kengele. Iende mlimani kwenye tangi, iendelee kusema neno lake lilelile.

Najua kule juu ni mwamba mtupu, hakuna mti wa kuitundika. Hilo niachie mimi. Natengeneza stendi ya mabomba, miguu minne, na juu ndoano ya kubeba ringi. Dereva wa saruji amekubali kuileta.

Na huyo aliyekuwa anacheka mlangoni, mwambie kwamba siku ile watu wote walikuwa na mwalimu wao, na yeye peke yake alikuwa na mto. Hapana. Usimwambie kitu. Nimekasirika tu.

Cheche


11 Juni

Cheche wangu,

Marahaba mara elfu. Mjukuu anatambaa na ameshakula chaki. Kuku wako ametaga yai moja, akalitangaza siku nzima. Barua ya kwenye droo imechemsha chai.

Stendi imefika! Wazazi waliipandisha mabegani, kinyozi akiwa mbele anatoa amri na hajashika hata mguu mmoja. Ringi imekaa kama ilizaliwa nayo. Na sauti yake kule juu, wee! Inafika hadi ng'ambo ya mto. Sasa asubuhi nampandisha mgonga kengele wa zamu mapema, wanafunzi wanapanga mistari kule juu ndipo tunashuka madarasani, na wachelewaji hawana tena kisingizio cha kwamba hawakusikia.

Nilipowaeleza wazazi, fundi cherehani akainua mkono akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, hatuna cha kujifunza upya? Tuifuate tu?" Nikamwambia ndiyo, mwifuate tu. Darasa zima lilishusha pumzi. Halafu tukapanga la pili, yaani kila mtaa mstari wake na kiranja wake, na kila kiranja ajue nani ni mgonjwa wa kubebwa, nani ana mtoto mchanga, nani hasikii. Kinyozi ni kiranja wa mtaa wa mtoni. Amejinunulia filimbi bila kuombwa.

Zoezi la pili tulifanya Jumamosi. Wote walipanda, mwanangu. Fundi cherehani na mashine yake kichwani! Wakapanga mistari, wakaniamkia. Nikajifanya napenga kamasi.

Yule mtu wako hakuja. Lakini jioni yake mtoto wa zamu alimwona amepanda peke yake. Alizunguka stendi, akapitisha kidole gumba kwenye kila mshono, akaitikisa, akaning'inia kwa mikono miwili apime kama itayumba. Haikuyumba. Kesho yake tukaikuta imepakwa rangi yote, ile ya kahawia ya milango. Nani aliyepaka hajulikani. Ila mji huu rangi ile inapakwa na fundi mmoja tu, na siku hiyo alikuwa na kahawia hadi kwenye nyusi.

Nikamwuliza sasa atahama lini. Akasema mto hauwezi kujaa kiangazi.

Shangazi yako


19 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Redio imesema mto umejaa na barabara imekatika. Simu yako haipatikani, ya kinyozi haipatikani, nadhani mnara umelala. Dereva wa saruji ameishia darajani akageuza. Mtu mmoja ng'ambo alimwambia karakana ya useremala imechukuliwa na maji, akaiona inapita na paa lake.

Karakana imekwenda. Na mwenyewe je?

Barua hii nampa mtu wa mtumbwi wa uokoaji. Nijibu neno moja tu. Nimeacha kazi chini, siwezi kushika kitu.

C.


22 Julai

Mwanangu,

Mzima. Hilo ndilo neno lako moja. Sasa vuta kiti ukae.

Ilikuwa mchana wa jua kali, hakuna wingu hapa kwetu. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, sisi hatujaona hata tone. Watoto wa zamu walikwenda mtoni kama kawaida, wakarudi mbio. Maji yalikuwa kwenye njano ya nguzo, na wakiwa bado wamesimama pale yakagusa nyekundu. Wakaniambia, "Mwalimu, jua linawaka lakini mto umechafuka, na una majani mabichi." Majani mabichi maana yake huko juu yanang'oka muda huu. Hilo tulilisoma pamoja. Sikuuliza mara mbili. Nikapanda, nikashika nondo mwenyewe.

Watu walitoka, Cheche. Katika kiangazi, juani, mto bado uko kwenye kingo zake, walitoka. Hakuna aliyebisha kwamba mvua haipo. Walibeba wagonjwa, walibeba watoto, kinyozi na filimbi yake nyuma yao. Wakafika, wakapanga mistari, na viranja wakaanza kupaza sauti, "Tumetimia! Tumetimia!" Mtaa wa sokoni umetimia. Mtaa wa shule umetimia. Kinyozi akatazama mstari wake, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Mwalimu, hatujatimia."

Nilijua ni nani. Tulimwona toka juu, yuko mlangoni, anatazama mto, na maji yameshaanza kupanda njia. Kinyozi akataka kushuka nikamkatalia. Nilitaka kushuka mwenyewe, goti likanikatalia mimi.

Unaikumbuka kengele ya wachelewaji? Ile ya mapigo matatu ya polepole, halafu geti linafungwa na mwalimu wa zamu anakusubiri? Nikaigonga hiyo. Moja. Mbili. Tatu. Sijui nilifikiri nini. Nadhani nilikuwa na hasira naye kama zamani, tangu yuko darasa la saba anafika madaftari yakishakusanywa. Nikaigonga tena.

Akageuka. Akatazama mlimani. Mwanangu, yule mtu akatimua mbio! Alikimbia na randa mkononi, akapoteza viatu vyote viwili, maji yakimfikia magotini pale kwenye kona ya duka. Hakutazama nyuma. Alifika juu. Alizunguka nyuma ya tangi, akanyata, akajipenyeza mwisho wa mstari wa mtoni, akaweka mkono begani kwa muuza mkaa, akatazama mbele kama vile alikuwepo tangu asubuhi.

Nikawapa mgongo kidogo kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka. Kisha nikageuka nikasema, "Wachelewaji wapite mbele."

Akapita mbele! Kichwa chini, peku. Mji mzima ukaangua kicheko, na chini yetu maji yalikuwa yanaingia madirishani mwa nyumba zetu. Tulicheka na kulia pamoja. Baadaye nikamwuliza kwa nini alitoka. Akasema, "Maji nilikuwa nayaona, dada, na nilidhani nitayaweza. Lakini ile kengele ilipogonga, miguu iliondoka bila kuniuliza."

Bonde lote limelowa. Shule ina matope hadi ubaoni. Nyumba nyingi tutazijenga upya, na nyingine hatutazijenga pale tena. Lakini watu wote tumetimia. Viranja wamehesabu mara tatu.

Jioni alikaa chini ya stendi yako, mgongo kwenye mguu wake mmoja. Akapitisha kidole kwenye mshono, akasema bila kunitazama, "Kaunga vizuri." Nakuandikia kama alivyosema.

Shangazi yako


6 Agosti

Shangazi yangu, shikamoo.

Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Nililia mbele ya mafundi wote, nikasingizia moshi. Bosi akaniambia mashine hata haijawashwa.

Yule fundi analala wapi sasa? Anakula? Kazi anafanyia nini, kama amebaki na randa moja tu? Ndani ya boksi hili kuna patasi, kubwa hadi ndogo. Nimezitengeneza kwa springi ya gari, chuma kizuri, hazitavunjika. Mpini ataweka mwenyewe, mimi mbao siziwezi. Mwambie zimetolewa msaada kwa waathirika. Usimwambie zaidi ya hapo.

Mbusu mjukuu. Pole sana kwa shule yako. Darasa la wazazi linaendelea?

Cheche


9 Septemba

Cheche,

Marahaba. Mjukuu amesimama akaanguka akasimama. Kuku wako alisalimika juu ya paa la kinyozi, na sasa anataga kila siku. Nadhani alipata hofu ya Mungu.

Darasa linaendelea chini ya turubai, karibu na tangi. Tunajifunza nyumba za bondeni ziinuliwe vipi, na wapi pasijengwe tena. Kila mtu ana lake la kusema, hadi nawaomba wanyamaze. Na nina mwanafunzi mpya. Anakaa nyuma, anabisha kila kitu, halafu kesho yake anakuja na mchoro. Juzi amewafundisha watoto kutengeneza rafu za kuning'iniza vitabu juu ya ule mstari wa chaki.

Patasi nilimpa. Nikasema ni za waathirika. Akazigeuza kwenye mwanga, akasema, "Waathirika hawa wana mkono mzuri." Akazifunga kwenye kitambaa.

Amehama mto, Cheche. Hatimaye! Anajenga karakana mpya huku juu, hatua chache kutoka kwenye kengele. Lakini kuna jambo silielewi. Nusu ya karakana ni ya mbao kama kawaida. Nusu nyingine ameitenga kwa ukuta wa matofali hadi juu, sakafu anamwaga saruji, na paa la upande huo ameliinua na kuliacha wazi pembeni, kama anataka moshi utoke. Seremala gani anamwaga saruji? Nikamwuliza upande huo ni wa nini. Akasema, "Dada, wewe fundisha." Nikamwuliza kwa nini mlango wa huko ni mpana kuliko wake. Akasema kuna vitu virefu, mabomba na nini, lazima vipite.

Mimi sijasema neno. Nakupa tu habari za majengo.

Shangazi yako


18 Septemba

Shangazi, shikamoo.

Mwambie Baba sakafu asiimwage nyembamba, mashine yangu ni nzito. Na ukuta wa matofali aupandishe hadi ukutane na paa, asiache hata upenyo, cheche zangu zinaruka mbali.

Nimeshaaga kazini. Nakuja na lori la saruji, nimekaa juu ya mifuko yake.

Cheche